Hita ya bwawa la kuogelea imeharibika ndani ya waranti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Limuru iko juu zaidi. Mwezi wa Julai maji ya bwawa lisilo na hita huwa baridi kiasi kwamba watoto hutia mguu na kuutoa. Hita inayozungumziwa hapa ni ya pampu ya joto, yaani mashine yenye feni kubwa inayofanana na kile chombo cha kiyoyozi kinachokaa nje ya ukuta, ambayo huvuta joto lililomo hewani na kulipitisha kwenye maji. Ni mashine ya bei kubwa. Inapoharibika kabla waranti haijaisha, mwenye bwawa mara nyingi huipoteza haki yake kwa kuharakisha kumwita fundi wa jirani afungue mashine kabla hajamwandikia muuzaji hata neno moja. Nimetunza mabwawa ya nyumba na ya hoteli ndogo kwa miaka mingi, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, hasa kati ya Juni na Agosti.

Hita inawaka na feni inazunguka, lakini maji hayapati joto. Nitajuaje kama ni mbovu?

Anza na hesabu, kwa sababu madai mengi hukataliwa hapa. Bwawa la mita 10 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.25, lina lita 50,000 za maji. Kupandisha joto la maji hayo kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji takriban kilowati-saa 58 za joto. Hita iliyoandikwa kilowati 17 hutoa kiasi hicho hewa ikiwa na nyuzi 26 au 27 na unyevu mwingi, maana ndivyo viwanda vinavyopima. Ukisoma katalogi hiyohiyo mstari wa chini yake, utakuta kipimo cha hewa ya nyuzi 15, ambacho ni kidogo zaidi. Tuseme kilowati 12. Kwa kilowati 12, kila nyuzi moja huchukua karibu saa 5, na kuyatoa maji kwenye nyuzi 19 hadi 28 huchukua saa 44 za kazi bila kupumzika, kabla hujahesabu joto linalopotea usiku. Hita inayowashwa saa 8 kwa siku, huku bwawa likilala wazi, inaweza isifike nyuzi 28 kamwe ingawa haina kasoro yoyote.

Kwa hiyo fanya jaribio la haki. Funika bwawa, acha pampu na hita zifanye kazi kwa saa 24, kisha pima maji saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kwa kipimajoto kilekile na mahali palepale, ukiandika kila namba. Pima pia maji yanayoingia kwenye hita na yanayotoka. Maji yakipita kwa kasi ya mita za ujazo 6 kwa saa, kilowati 12 huyapandisha kwa nyuzi 1.7 hivi tu, kwa hiyo usitarajie yatoke yakiwa moto kama ya bombamvua. Lakini tofauti ikiwa sifuri, na kompresa, yaani pampu ya ndani inayoibana gesi inayobeba joto, unaisikia ikinguruma, hapo kuna kasoro ya kweli: huenda gesi imevuja au kompresa imechoka. Karatasi yenye namba hizo ndiyo ushahidi wako wa kwanza.

Kuna maji mengi chini ya hita. Je, imetoboka?

Pengine hapana. Koili inayovuta joto hewani huwa baridi, na unyevu wa hewa hugeuka matone juu yake kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Katika msimu wa mvua matone hayo yanaweza kufika lita kadhaa kwa saa. Zima hita, acha pampu ya bwawa ikizunguka, kisha subiri saa moja hadi mbili. Maji yakikoma, yalikuwa ya unyevu. Yakiendelea, chota kidogo uyapime kwa kile kifaa chako cha kupimia klorini: maji ya unyevu hayana klorini, na maji ya bwawa yanayo. Ukikuta klorini, piga picha ya kipimo kikiwa kando ya mashine na uidai waranti siku hiyohiyo.

Skrini inaonyesha kosa la mtiririko wa maji. Hilo limo kwenye waranti?

Mara nyingi halimo, kwa kuwa sababu huwa nje ya mashine: filta ya mchanga iliyojaa uchafu, kikapu cha pampu kilichoziba kwa majani, valvu ya baipasi (njia ya kuyapitisha maji kando ya hita) iliyoachwa vibaya, au maji ya bwawa yaliyoshuka hadi pampu inavuta hewa. Osha filta kwa kurudisha maji nyuma, kazi ambayo mafundi huiita bakwoshi, safisha kikapu, ujaze maji, kisha uwashe tena. Kosa likibaki huku geji ya filta ikionyesha shinikizo la kawaida, inawezekana swichi ya mtiririko iliyo ndani ya hita imekufa, na hiyo ni kipuri cha mashine kinachoingia kwenye waranti.

Nifanye nini siku ya kwanza ninapogundua kasoro?

Usiifungue. Piga picha stika yenye namba ya mashine, picha ya skrini ikionyesha alama ya kosa, na video fupi ambamo sauti ya kompresa inasikika. Tafuta ankara na kadi ya waranti. Kisha mwandikie muuzaji kwa barua pepe, au hata kwa WhatsApp, ukitaja tarehe uliyoanza kuona kasoro. Simu peke yake haitoshi: maneno ya simu hayana tarehe, na mtu aliyekuahidi kwamba "fundi anakuja kesho" anaweza kuwa ameacha kazi kabla fundi hajafika.

Nimdai nani: aliyeniuzia, aliyeifunga, au kiwanda?

Mdai aliyekuuzia, kwa sababu mkataba wako ni wa kwake na pesa zako alipokea yeye. Waranti ya kiwanda ni ahadi ya ziada, na muuzaji hawezi kuitumia kukuondoa mlangoni kwake kwa kukuambia uandike barua China au Ufaransa. Kama aliyeifunga ni mtu mwingine, tarajia kila mmoja amtupie mwenzake lawama. Hapo omba wafike wote wawili siku moja, wapime mbele yako, na kila mmoja aandike alichokiona.

Ni vizuri kujua pia kwamba umeme wa hita unatakiwa kufungwa na fundi mwenye leseni, ambayo kwa Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta. Kama aliyekufungia hana, mwenye kupinga dai lako ataanzia hapo.

Kadi inasema "kompresa miaka 3, vipuri vingine miaka 2, ufundi mwaka 1". Maana yake nini?

Namba hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, lakini mpangilio huwa wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba kompresa ikifa katika mwaka wa tatu utapewa kompresa bila malipo, lakini utalipia kazi ya kuifunga, kuijaza gesi na pengine kuisafirisha. Uliza gharama hiyo kwa maandishi kabla hujakubali. Angalia pia waranti inaanza kuhesabiwa lini: tarehe ya kununua, au tarehe ya kuwashwa kwa mara ya kwanza? Kwenye nyumba mpya zinazochukua mwaka mzima kumalizika, tofauti hiyo ni kubwa.

Muuzaji anasema imeunguzwa na umeme, kwa hiyo waranti imekufa. Nifanyeje?

Hili ndilo jibu ninalolisikia zaidi, na ndilo linalostahili kuchunguzwa zaidi, kwa sababu wakati mwingine ni kweli. Umeme wetu wa Kenya ni wa volti 240 kwa fezi moja na 415 kwa fezi tatu, na ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo unaweza kuichoma bodi, yaani saketi inayoiongoza mashine. Waranti nyingi haziihesabu hasara hiyo. Lakini kusema tu hakutoshi. Niliwahi kusimama kando ya fundi wa muuzaji mmoja aliyetamka kwamba ni umeme kabla hajaitoa mita yake ya kupimia kwenye mkoba. Nilimwomba apime. Volti zilikuwa 238 mashine ikiwa imezimwa, na zilipungua kidogo tu kompresa ilipojaribu kuwaka. Tulipofungua kifuniko, bodi ilikuwa safi, haina doa jeusi wala harufu ya kuungua. Kilichokufa kilikuwa kapasita ya kompresa, kipuri kidogo kinachoisaidia kuwaka. Muuzaji aliibadilisha bila malipo, lakini baada ya wiki tatu za kubishana ambazo wageni wa hoteli hiyo walizilipia kwa kuoga maji baridi. Jambo hilo liliniuma, maana lilihitaji dakika tano za kupima.

Basi dai ripoti ya maandishi inayosema ni kipuri gani kimeungua, volti zilikuwa ngapi mashine ikiwa imezimwa na ikiwa kazini, na picha ya sehemu iliyoungua. Kagua pia waya wenyewe: ukiwa mwembamba na mrefu, tuseme mita 50 kutoka nyumbani hadi chumba cha pampu, volti hushuka kila kompresa inapoanza, na hilo ni kosa la aliyefunga. Kama ni kweli kwamba umeme wa laini ndio ulioleta hasara, malalamiko hayo huenda Kenya Power, na usiporidhika, EPRA.

Sababu nyingine ya umeme haitajwi sana. Mijusi kafiri hupenda joto la boksi la umeme, na mmoja akijipitisha kati ya ncha za kontakta, yaani swichi inayowasha na kuzima kompresa, hufa hapo na kuacha mashine ikiwa imezima. Sisimizi nao hufanya hivyo. Kasoro ya namna hiyo haimo kwenye waranti, lakini kontakta ni kipuri cha bei ndogo, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba bodi nzima inunuliwe. Matundu ya waya yazibwe vizuri tangu siku ya kufunga.

Anasema dawa zangu za maji ndizo zilizoila mashine.

Muulize koili inayopitisha maji imetengenezwa kwa nini. Hita nyingi za pampu ya joto zina koili ya titaniamu, ambayo haiogopi klorini wala chumvi ya bwawa. Hita za gesi ndizo zenye koili ya shaba kwa kawaida, na shaba huliwa maji yakiwa na asidi. Dalili yake ni maji au kuta za bwawa kupata rangi ya kijani-buluu. Mtu anayedai kwamba titaniamu imeliwa na klorini ya kawaida ana kazi ya kueleza.

Hata hivyo vipo viungo vingine ndani ya hita vinavyoweza kudhurika, na kinga yako ni daftari. Andika pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ambayo iwe kati ya 7.2 na 7.6, na klorini huru, iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, angalau mara mbili kwa wiki. Kifaa cha kutia vidonge vya klorini kikae baada ya hita, kamwe kisikae kabla yake, na pawe na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, kwa sababu pampu ikizimwa maji makali yenye asidi hurejea polepole na kukaa ndani ya mashine usiku kucha. Tabia ya kutupa vidonge kwenye kikapu cha kando ya bwawa hufanya vilevile: maji ya kwanza kabisa yanayopita kwenye hita asubuhi ni yale makali. Kama ndivyo unavyofanya, acha leo.

Fundi wangu ninayemwamini anaweza kuifungua aangalie tu?

Anaweza kusafisha majani kwenye koili ya nje na kupima umeme kwenye swichi kuu. Asiguse mfumo wa gesi wala asivunje stika ya muhuri. Zaidi ya suala la waranti, hita za siku hizi nyingi hutumia gesi ya R32, ambayo inaweza kushika moto, na si kila fundi wa friji amefunzwa kuishughulikia.

Niliinunua Dubai na kuisafirisha mwenyewe kwa sababu ilikuwa nafuu. Waranti inafanya kazi hapa?

Soma kadi: waranti nyingi hufungwa kwenye nchi ya kuuzia. Wakala wa hapa hana wajibu wa kukutengenezea bure mashine ambayo hakuiuza, ingawa baadhi hukubali kukuuzia vipuri. Dai lako linabaki kwa muuzaji wa Dubai, na usafiri wa kwenda na kurudi ni wako. Jambo la kushukuru ni kwamba Falme za Kiarabu hutumia umeme wa hezi 50 kama sisi. Aliyeletewa mashine ya hezi 60 kutoka Marekani au Saudia ana shida kubwa zaidi, na ikiharibika ataambiwa kwa haki kwamba aliitumia kinyume na maelekezo.

Nimepoteza risiti.

Mwombe muuzaji achapishe nakala ya ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa kuwa anatakiwa kuwa na kumbukumbu zake. Taarifa ya M-Pesa au ya benki, hati ya kupokelea mzigo na namba ya mashine husaidia vilevile. Kwa Tanzania, risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, hufifia upesi kwenye karatasi. Ipige picha siku unayoipokea.

Ukutani dukani pameandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Je, ndio mwisho?

Sivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, huweka masharti ya ubora na ya kufaa kwa kazi iliyokusudiwa: ulipomweleza muuzaji ukubwa wa bwawa lako na ukamtegemea yeye akuchagulie hita, kisha akakupa ndogo isiyoweza kazi hiyo, una dai hata kama mashine yenyewe ni nzima.

Lakini sheria hiyohiyo humhesabu mnunuzi kuwa ameikubali mali akikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba anaikataa. Akishahesabiwa hivyo, hawezi tena kuirudisha, hubaki na dai la fidia tu. Ndiyo sababu ninasisitiza kuandika mapema: barua iliyoandikwa wiki mbili baada ya kununua ina uzito ambao barua iliyoandikwa miezi minane baadaye haina.

Barua hiyo iandikweje?

Kwa ufupi, bila matusi na bila vitisho. Mfano huu umewasaidia wengi niliowapa:

"Tarehe 3 Machi nilinunua kwenu hita ya bwawa ya kilowati 17, ambayo namba yake iko kwenye picha ya kwanza na ankara yake nimeiambatisha. Tangu tarehe 9 Julai kompresa huzimika baada ya dakika 4 hadi 6, na skrini huonyesha alama iliyo kwenye picha ya pili. Siku hiyo filta ilioshwa, maji yalikuwa na pH 7.4 na klorini 2, na umeme ulikuwa volti 236 mashine ikiwa kazini. Mashine haijafunguliwa na mtu yeyote. Naomba mmtume fundi aliyeidhinishwa ndani ya siku 7, na mnipe ripoti yake kwa maandishi."

Kipuri kinasubiriwa kutoka ng'ambo kwa miezi. Muda wa waranti unasimama?

Si kila kadi inasema hivyo, kwa hiyo liombe hilo katika barua: muda ambao mashine imelala uongezwe mwishoni. Nimeona wauzaji wengi wakikubali wakiombwa kwa adabu na mapema. Wakiombwa baada ya muda kuisha, hukataa. Omba pia hita ya kuazima kama bwawa ni la biashara au la kliniki ya mazoezi ya viungo, ambako maji baridi yanasimamisha kazi.

Imetengenezwa mara tatu kwa kasoro ileile. Ninaweza kudai mpya au pesa zangu?

Dai, ukiambatisha ripoti zote tatu. Kasoro moja inayorudi mara tatu huonyesha kwamba mashine haikufaa tangu mwanzo, au kwamba haikutengenezwa ipasavyo. Yote mawili ni mzigo wa muuzaji.

Akikataa kabisa niende wapi?

Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji, yakiwemo ya maelezo ya uongo kuhusu waranti. Dai la fedha lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Hita nyingi za nyumbani zinaingia kwenye kiwango hicho. Dai la mkataba lina miaka 6, ila usingoje, maana mashine iliyokaa miaka miwili juani haiwezi tena kueleza ilikufa kwa nini. Aliyeko Tanzania, kwa mfano mwenye nyumba ya wageni Karatu au Arusha, aanzie Tume ya Ushindani, yaani FCC.

Wakati ninasubiri, bwawa lifanyweje?

Fungua baipasi ili maji yaikwepe hita, kisha endelea kuzungusha na kutia dawa kama kawaida. Funika bwawa usiku, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto hupotea kwa mvuke.

Fundi amemaliza na ananipa karatasi nisaini. Nisaini?

Bado. Acha mashine ifanye kazi saa moja mbele yake, pimeni pamoja maji yanayoingia na yanayotoka, na namba hizo ziandikwe kwenye karatasi hiyohiyo pamoja na jina la kipuri kilichobadilishwa, namba yake, na muda wa waranti ya kipuri hicho. Kama amejaza gesi, aandike uzito wa gesi aliyotia na mahali ilipokuwa ikivujia. Gesi iliyoongezwa bila kuziba tundu itaisha tena, na safari ya pili utaambiwa kwamba ulisaini mashine ikiwa nzima. Mkishaandika hayo yote, saini na ubaki na nakala.